Mjue Mkweo Kabla ya Msiba



Mahindi yamekwisha kuingia ghalani, mpunga wa mabondeni umepurwa, na wenye tumbaku wanangoja malipo yao. Watoto wamefunga shule. Huu ndio wakati wa kiangazi, ambapo mkulima wa Namtumbo aweza kupumua kidogo na kuangalia mambo ya nyumba yake. Ukipita asubuhi kwenye kituo cha mabasi utawaona watu na mafurushi yao, na kuku waliofungwa miguu. Wengine wanakwenda Tunduru, wengine Songea, wengine mbali zaidi. Ukiwauliza safari ni ya wapi, mmoja atakuambia, "Nakwenda msibani." Mwingine atasema, "Nimeitwa kwa habari ya mahari." Mwingine, "Nakwenda kumwona mgonjwa." Ni wachache mno watakaokujibu, "Nakwenda ukweni kusalimu tu."

Leo napenda tuzungumze habari ya safari hiyo ya kusalimu tu. Maana wengi wetu tumeoa, tumefunga ndoa takatifu mbele ya altare, tumezaa watoto wanne au watano. Na tangu siku ya arusi hatujakanyaga nyumba ya wazazi wa mke wetu ila kwa kilio. Kuna mtoto mmoja aliyemwona bibi yake mzaa mama kwa mara ya kwanza akiwa katika jeneza. Mama yake alimwinua juu ili atazame, akamwambia, "Huyu ndiye bibi yako." Mtoto hakulia, kwa sababu hakumjua. Alikuwa anatazama maua. Je, hilo ni jambo jema?

Mimi kazi yangu ni vitabu vya parokia: kitabu cha ubatizo, kitabu cha ndoa, kitabu cha marehemu. Vitabu hivi havisemi, lakini vinaonyesha mengi. Vijana wakija kuandikisha ndoa, huwauliza kila mmoja jina la baba na la mama, kisha huwauliza habari za babu na bibi wa pande zote mbili. Upande wa baba hujibu upesi. Nikifika upande wa mama, kijana hukuna kichwa. "Bibi yako mzaa mama aliitwa nani?" "Tulimwita Bibi." "Alitoka wapi?" "Mbali, upande wa Mbinga." Basi, habari zake zimeishia hapo.

Msidhani nawauliza kwa kupoteza wakati. Kwa sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1091, watoto wa ndugu wawili wamefungwa kizuizi cha ndoa kwa sababu ya udugu wa damu. Na kanuni ya 1092 yasema habari ya ukwe wenyewe: mtu hawezi kumwoa mama wa mkewe wala binti wa mkewe, hata mke akiisha kufa. Maana yake ni kwamba Kanisa halihesabu ukwe kuwa ni maneno matupu. Ndoa huleta undugu, na undugu huo una sheria zake.

Sikilizeni jambo moja. Miaka michache iliyopita kijana na binti walitangazwa kanisani. Jumapili ya kwanza, kimya. Jumapili ya pili, baada ya Misa, mzee mmoja aliyekuja kumtembelea mwanawe alikuja ofisini na fimbo yake, akauliza taratibu, "Karani, huyu kijana si mjukuu wa bibi fulani?" Tukafuatilia. Kumbe bibi yule alifiwa na mume wake wa kwanza, akamwacha mtoto wa kiume kwa wazee wa marehemu, akaolewa tena mbali, huko akazaa binti. Yule mwana ndiye baba wa kijana. Yule binti ndiye mama wa bibi arusi. Nyumba hizi mbili hazikutembeleana hata mara moja kwa miaka zaidi ya thelathini. Kijana na binti walikutana mjini Songea kama wageni, wakapendana. Shauri lilipelekwa kwa padre, wazee wakakaa, na ndoa ile haikufungwa. Machozi yaliyomwagika siku ile sitaki kuyasimulia. Nasema hivi tu: nauli ya basi ya mara moja kwa miaka mitano ingaliyazuia.

Tena wazee wetu hawakuishi hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mwingereza mmoja, Bwana Philip Gulliver, alikaa kati ya Wandendeule kuchunguza maisha yao, na mwaka 1971 kitabu chake juu ya habari hizo kikatoka. Aliona kwamba Wandendeule hawakupangwa kwa koo kubwa zenye kufuata upande mmoja tu. Mtu alihesabu ndugu wa upande wa baba na wa upande wa mama, tena aliwaongeza na wakwe. Watu walipohama kutafuta mashamba mapya, mtu aliweza kumfuata shemeji yake kama vile angalivyomfuata ndugu wa tumbo moja. Na siku ya kulima aliwaita hao wote. Wakaja na majembe yao, wakalima, wakanywa pombe aliyoiandaa, na zamu yao ilipofika naye akaenda kwao na jembe lake. Hata magomvi waliyamaliza kwa njia hiyo. Bwana Gulliver aliandika habari ya baba mkwe aliyemdai mkwewe mahari: kila upande ulikusanya ndugu na majirani, wakakaa, wakasemezana, wakapatana bila ya kwenda mahakamani. Waliweza kupatana kwa sababu walijuana. Na walijuana kwa sababu walilima pamoja.

Sisi siku hizi tuna simu. Mama mkwe akiugua, tunatuma fedha kwa simu, tunasema tumemaliza. Kutuma fedha ni jambo jema, wala silikatazi. Lakini simu haishiki jembe, wala haimpakati mtoto.

Mke wangu ni Mmatengo wa milima ya Mbinga. Mwezi wa saba mwaka jana tulikwenda kwao, sisi wawili na watoto wetu. Nawasimulieni kidogo, si kwa kujisifu, bali mpate kuona faida ya safari ya namna hii.

Kutoka Namtumbo hadi Songea ni kama kilomita 70, na kutoka Songea hadi Mbinga ni kama kilomita 100. Njia yote sasa ni lami. Zamani wazee wetu walikwenda kwa miguu, wakilala njiani. Sisi tuliondoka alfajiri, tukabadili basi Songea, na jua lilipoanza kuelemea tulikuwa Mbinga. Kutoka hapo tukapanda pikipiki kwenda mlimani. Baridi ya Umatengo mwezi wa saba si mchezo! Ukungu unashuka mpaka mlangoni, na mtoto wa Namtumbo aliyezoea jua hutetemeka kama kifaranga. Mama mkwe alikuwa amekwisha kuwasha moto mkubwa jikoni. Aliwachukua wajukuu wake akawakalisha motoni, na tangu saa ile sikuwaona tena mpaka usiku.

Kesho yake tulikuta kazi. Kiangazi ni wakati wa kuchuma kahawa Umatengo, zao walilolianza tangu miaka ya 1920. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; mimi sikungoja ya tatu, nikaomba kikapu. Tulichuma matunda mekundu, tukayaacha mabichi. Jioni tukayamenya kwa mashine ya mkono, tukaloweka, na siku zilizofuata tukaosha na kuanika juani kwenye vichanja. Kazi ile ilinipa maneno mengi ya kusema na shemeji zangu kuliko kama tungalikaa vitini tukitazamana. Mkwe anayekaa kitini siku nzima huonekana mgeni. Lakini aliyebeba kikapu huitwa kwa jina lake.

Baba mkwe alimchukua mwanangu mkubwa kumwonyesha ngoro. Wasomaji wa Umatengo mnazijua. Sisi wa tambarare ni vema tujifunze. Mlima ni mkali, na mvua ingaliweza kuchukua udongo wote mpaka mtoni. Basi mwezi wa tatu wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari yenye kukatana, yakawa kama miraba. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika yale majani. Katikati hubaki shimo, na pembeni huwa tuta. Maji ya mvua hutulia shimoni, majani huoza yakawa mbolea, na maharage hupandwa juu ya tuta. Mzee alimwambia mtoto, "Hata mimi nilionyeshwa na babu yangu." Mtoto alirudi akaniuliza kama yeye naye ni Mmatengo. Nikamjibu, "Nusu yako ni ya huku." Alifurahi sana.

Usiku ule walikuwa wanachagua maharage. Mzee akachukua punje moja akaiweka juu ya mkeka, akasema, "Huyu ni mimi." Akaweka ya pili, "Huyu ni bibi yako." Akaendelea hivyo kwa watoto wake wote, mama yao mmojawapo, na wajukuu, na ndugu zake waliokwenda kukaa ziwani Mbamba Bay, mpaka mkeka ukajaa. Kisha akawaamuru watoto wetu warudie majina. Aliyekosea, bibi alimcheka, na kumrudisha mwanzo. Wamatengo wa zamani walikuwa na desturi iitwayo sengu: babu, wanawe na wajukuu walikula pamoja, kila nyumba ikileta chakula chake, na baada ya kula mashauri yakasemwa, magomvi yakakatwa, vijana wakafundishwa. Siku hizi sengu imefifia mahali pengi. Lakini usiku ule, penye ule mkeka, niliona faida yake. Wanangu wakija kuandikishwa ndoa siku moja, karani atakayekuwapo hatapata taabu.

Maandiko Matakatifu nayo yatuonyesha njia. Katika Kitabu cha Kutoka, Yethro alikuja jangwani kumtembelea Musa mkwewe, akamletea mke na watoto wake. Musa, aliyekuwa amekwisha kumshinda Farao, alitoka nje kumlaki baba mkwe, akainama, akambusu. Kesho yake Yethro akamwona Musa anachoka kwa kuamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, akampa shauri la kuweka wasaidizi, na Musa akalisikiliza. Ewe kijana, Musa alipokea shauri la baba mkwe. Wewe ni nani hata ulidharau?

Na Petro Mtakatifu alikuwa na mama mkwe, naye alikuwa mgonjwa wa homa katika nyumba ya Petro mwenyewe. Bwana Yesu akamponya, naye akaondoka akawahudumia.

Lakini mfano mkubwa ni wa kijana Tobia. Safari yake ilikuwa ya kufuata fedha za baba yake nchi ya mbali, na malaika Rafaeli akamwongoza asimjue. Njiani wakaingia kwa Ragueli, mtu wa jamaa yao, na huko Tobia akamwoa Sara. Ragueli akafanya karamu siku 14. Siku hizo zilipokwisha Tobia akaomba ruhusa kwa adabu, akasema baba yake anahesabu siku za kurudi kwake. Baba mkwe alitaka akae zaidi. Lakini alimwachilia, akampa nusu ya mali yake, akawabariki. Na mwisho wa kitabu twasoma jambo ambalo wengi hulipita: wazazi wa Tobia walipokwisha kufa, alihamia kwa wakwe zake, akawatunza katika uzee wao kwa heshima, akawazika. Tobia aliwajua wakwe zake wakiwa hai, ndiyo maana hakushindwa kuwazika kwa upendo.

Sasa mtaniuliza, "Karani, twende vipi?" Nawapa mashauri machache.

Kwanza, peleka habari mapema. Hapa simu inafaa sana. Usimwangukie mkwe ghafula ukamkuta hana unga, ukamtia aibu.

Pili, mkono mtupu haulambwi. Lakini usikope ili kujionyesha. Debe la mchele wa Namtumbo, karanga, chupa ya asali, kitenge cha mama mkwe: vinatosha. Anayekopa kwa ajili ya ukweni, mwaka ujao hatakwenda, maana bado analipa deni.

Tatu, ikiwa bado una mahari ya kumalizia, deni hilo lisikufiche. Najua waume wengi wanaokimbia ukweni kwa sababu hii tu, na mke wao anakaa miaka bila ya kuwaona wazazi wake. Huo ni ukatili. Mtume mshenga aseme kweli: nina kiasi hiki, kingine baada ya mavuno. Mzee mwenye akili hupenda kumwona mdeni wake kuliko kutomwona kabisa. Nanyi wazazi wa mke, mkwe akija kusalimu, msimgeuze benki. Akidaiwa kila anapofika, atakoma kufika, nanyi mtawakosa wajukuu.

Nne, shika desturi za watu. Zamani, kwa makabila mengi ya kwetu, mwanamume alipomwona mama mkwe njiani aliacha njia akasimama pembeni, wala hakula mbele yake. Siku hizi mahali pengine desturi hiyo imelegea, mahali pengine bado. Mwulize mkeo kabla hamjafika. Mzaha ni kwa shemeji, au mlamu kama wengine wasemavyo. Na babu na bibi huwatania wajukuu. Baba mkwe na mama mkwe ni heshima tu.

Tano, jihadhari na pombe. Komoni ya ukweni hutolewa kwa ukarimu. Wewe kunywa kwa kiasi. Maneno ya mkwe mlevi hukumbukwa miaka kumi.

Sita, habari ya dini. Hapa Namtumbo, nyumba nyingi zina Petro na Rashidi kwa babu mmoja. Ikiwa wakwe zako ni Waislamu, mwachie mmoja wao achinje kuku ili wote wale kwa amani, wala usilete ubishi wa dini chakulani. Lakini Jumapili uliza kigango kilipo, uende Misa au ibada na watoto wako, ukiaga kwa adabu. Hawatakudharau kwa kusali; watakudharau ukiwa huna imani yoyote.

Saba, jua siku ya kuondoka. Tobia aliomba ruhusa, nawe omba. Usikae mpaka watoto wa nyumba waanze kulala na njaa.

Neno la mwisho ni kwa kina mama. Mume wako akikuambia twende kwa wazazi wangu, usinune kwa sababu ya wifi. Wifi mnayeteta naye leo ndiye atakayekuja kushika mkono wako siku ya kujifungua. Na mume akisitasita kwenda kwenu, usimfokee. Mkumbushe kwa upole, ukiweka akiba ya nauli kidogo kidogo tangu mavuno, hata awe hana la kujitetea.

Ndugu zangu, wazee wetu hawatungojei. Kila mwaka kitabu cha marehemu huongezeka kurasa, nami ndiye ninayeziandika. Kiangazi hiki bado kina wiki kadhaa. Mvua hazijaja, na jembe limepumzika. Baba, kaa leo jioni na mama watoto, mpange siku. Watajieni watoto majina ya babu na bibi wa kwa mama, na wakati wa sala ya jioni waombeeni kwa majina hayo. Kisha fungeni mzigo, mwende kusalimu tu.

Mungu awaongoze njiani kama alivyomwongoza Tobia, na Malaika Rafaeli awasindikize kwenda na kurudi.